Mzizi Uko Mbele au Nyuma? Mhadhara wa Moshi kuhusu picha za meno za pande tatu

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, walimu mliokuja na wanafunzi wenu, karibuni. Leo mawingu yamefunga na mlima hauonekani, lakini nitaanza na mlima wetu, Kilimanjaro, kwa sababu kila mtu humu ndani anaujua.

Ukisimama hapa mjini asubuhi kukiwa kweupe, unaona vilele viwili: Kibo iko kushoto, Mawenzi iko kulia. Panda gari, pita Himo, zunguka mpaka Rombo Mkuu. Ukifika kule, Mawenzi imekuja mbele na Kibo iko nyuma yake. Vilele ni vilevile, havikusogea hata hatua. Kati yake ni kilomita zipatazo 11. Lakini mtu ambaye hajatoka mjini maisha yake yote atavichora bega kwa bega, na ukimuuliza kimoja kimetangulia kingine kwa umbali gani, hana jibu.

Picha ya eksirei ya kawaida ndiyo huyo mtu asiyetoka mjini. Inapigwa kutoka mahali pamoja. Kila kilichokuwa kwenye njia ya mionzi, shavu, mfupa, mzizi wa mbele, mzizi wa nyuma, vyote vinalaliana kwenye karatasi moja.

Niwasimulie kilichonifundisha hili, na sikukisoma kitabuni. Miaka mingi nyuma, sehemu niliyokuwa nikifanya kazi, alikuja mama mmoja fundi cherehani. Gego la mwisho la chini, lile linaloota ukubwani, lilikuwa limelala ndani ya mfupa na fizi inamvimba kila mara. Tukapiga picha ya kawaida. Ndani ya taya la chini mnapita mfereji, na mfereji huo umebeba mshipa wa fahamu unaoipa mdomo wa chini na kidevu hisia. Kwenye picha, mzizi na mfereji vilikuwa vimepandana. Mzizi ulipokatiza mfereji palikuwa peusi kidogo, na ule mstari mweupe wa ukingo wa mfereji ulikuwa umekatika. Hizo ni dalili za kukufanya usite. Nilizitazama, nikaona, nikasema tutakwenda taratibu. Jino likatoka zima. Kesho yake mama akarudi: ganzi haijaisha. Nikamwagiza mtu alete chai. Akanywa, na chai ikamchuruzika kidevuni, ikadondokea kitenge, na yeye hakujua mpaka alipoona nguo imelowa. Nilisimama pale na leso mkononi. Siku ile sijaisahau.

Swali nililokuwa nalo lilikuwa moja tu: mshipa umepita upande wa shavu, upande wa ulimi, au katikati ya mizizi? Picha yangu haikuwa na uwezo wa kunijibu.

Mashine ya pande tatu hufanya kile alichofanya msafiri wa Rombo. Inazunguka. Unakaa au unasimama, kidevu kwenye kishikizo, kichwa kimetulia, na mkono wa mashine unakuzunguka mara moja kwa sekunde kati ya 10 na 40 hivi. Upande mmoja unatoa mionzi inayopanuka kama mwanga wa tochi, upande wa pili unaipokea, na njiani zinapigwa picha mia kadhaa. Kisha kompyuta inazilinganisha zote, inatafuta ni umbo gani pekee lingeweza kutoa vivuli vile kwa mpigo, na kulijenga upya kwa vichemraba vidogo, mara nyingi robo ya milimita au chini ya hapo kila upande. Mimi nikishaipata naweza kulikata taya kwenye skrini kama mkate, kipande kwa kipande, bila kumgusa mtu. Mshipa nauona kama kitobo cha duara, na mzizi kando yake. Najua uko upande gani. Nikiona mizizi imeukumbatia mshipa, naweza kuamua kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi ilale huko huko.

Vijana wa sayansi, hili nalisema kwenu. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi hii mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Wiki chache tu baadaye daktari wa meno, Otto Walkhoff, akajipiga picha ya meno yake mwenyewe, akitulia kimya dakika 25 nzima. Marekani, daktari wa meno Edmund Kells wa New Orleans alizitumia picha hizi kwa miaka mingi bila kinga, akapata saratani, akakatwa vidole, kisha mkono. Na aliyefanya hesabu za kujenga umbo kutokana na vivuli ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuliwaza jambo hilo akiwa katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield aliyeitengeneza mashine. Mzizi wa jambo hili, ndugu zangu, umepita Afrika. Mashine za meno zenyewe zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, kutoka Italia na Japani.

Sasa, mashine hii inatusaidia wapi? Gego la mwisho nimelisema. Kupandikiza jino: ile skrubu ya titani inataka mfupa, na picha ya kawaida inanipa urefu wa mfupa bila unene wake. Chonge lililokwama juu kwenye kaakaa la mtoto wa miaka 13, je, limeanza kuula mzizi wa jirani? Gego la juu lililotibiwa mzizi na bado linauma, huenda lina mfereji wa nne uliokuwa umejificha. Taya lililovunjika kwenye ajali ya bodaboda.

Mahali isipohitajika ni pengi zaidi, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mtu akishanunua mashine ya bei kubwa kishawishi cha kumpitisha kila mgonjwa ni kikubwa. Jino lililotoboka la kawaida halihitaji. Fizi inayotoka damu haihitaji, kwa sababu mashine hii inaona mfupa na jino, nyama laini inaziona vibaya. Penye kuzibwa kwa chuma picha hujaa michirizi. Mtoto asiyeweza kutulia atatoa picha ya ukungu na mionzi atakuwa ameshaila bure. Hata kwa magego ya mwisho, utafiti haujaonyesha kwamba kumpiga kila mgonjwa picha hii kunapunguza ganzi. Inafaa pale picha ya kawaida ilipoleta shaka.

Na meno yetu ya kahawia, mnaniuliza kila siku. Hiyo ni floraidi ya maji yetu ya huku kwenye volkano, pamoja na magadi tunayotia kwenye makande. Rangi iko kwenye jino, macho yanatosha. Usikubali kulipia mashine kwa hilo.

Mionzi ni kiasi gani? Binadamu hupata mionzi ya asili, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, kwa wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka; milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Picha moja ndogo ya jino ni kama mionzi ya asili ya siku moja. Ya pande tatu huanzia siku chache hadi mwezi au zaidi, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo. Ndiyo maana tunapiga eneo dogo kadiri inavyowezekana, na kwa mtoto tunasita zaidi. Wanaotoa leseni za mashine za mionzi na kuzikagua ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, wana ofisi pale Njiro, Arusha. Mna haki ya kuuliza leseni iko wapi. Mna haki pia ya kumuuliza daktari: unatafuta nini hasa kwenye picha hii, na jibu litabadilisha matibabu yangu vipi? Akishindwa kukujibu, usipige. Na ukipiga, ondoka na faili lenyewe kwenye flashi, maana karatasi iliyochapwa haizunguki.

Nimeona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. Unauliza yule fundi cherehani alikuwaje.

Alikuwa akija kila mwezi. Namfumbisha macho, napitisha pamba kwenye kidevu, yeye ananiambia ninapogusa. Mwezi wa pili hakuna. Mwezi wa nne akasema kama sisimizi wanatembea, na nilifurahi mno, maana ni mshipa unaamka. Eneo likaendelea kupungua. Limebaki doa la ukubwa wa shilingi mia, chini ya mdomo upande wa kushoto, na hapo mpaka leo nikigusa kwa pamba hasikii.