Baiskeli, Mashuka na Mkokoteni: Mhadhara wa Filamu Mjini Tanga

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Wengine, habari za jioni. Itifaki imezingatiwa, tusipoteze muda.

Nimeombwa nizungumzie filamu za maisha ya watu wa hali ya chini. Kijana mmoja kaniuliza pale mlangoni, kwa nini naanza na sinema ya Kitaliano ya mwaka 1948? Kwa sababu inahusu baiskeli, na hapa ni Tanga. (Kicheko.) Kwingine ningelazimika kwanza kueleza baiskeli ni kitu gani kwa mtu mwenye familia.

Inaitwa Ladri di biciclette, Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica. Ni Roma baada ya vita, na kazi hakuna. Antonio anaitwa kazi ya kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe Maria hapotezi muda kulalamika. Anavua mashuka kitandani, wanakwenda kuyaweka rehani ili wakomboe baiskeli. Pale dirishani De Sica hana haraka. Tunamwona mtumishi anabeba furushi lao, anapanda rafu, anazidi kupanda, na kila rafu imejaa mashuka ya watu wengine. Hakuna anayehutubia kuhusu umaskini wa Roma. Mmeshauona wote.

Asubuhi yake, mtoto wao Bruno anaifuta baiskeli. Anaona pedali imebonyea. Anamwambia baba yake: hii haikuwepo, ungewaambia wale wa rehani. Baba anasema labda ilikuwepo. Mtoto hakubali, wale, anasema, matengenezo hawalipi wao. Mtoto mdogo vile, naye ana kibarua chake kituo cha mafuta, anaijua baiskeli ya nyumbani kuliko mwenyewe. Watoto hao mnao majumbani kwenu.

Sasa niseme ninachokiamini, mnibishie baadaye. Filamu inayomheshimu maskini humwonyesha akipiga hesabu. Baiskeli ikishaibwa, Antonio anajikaza kumpeleka Bruno hotelini, wale vizuri mara moja. Katikati ya chakula anampa penseli, waandike fedha ambazo angezipata: mshahara, ovataimu, posho ya familia. Mtoto anaandika, baba anataja. Wanajumlisha fedha ambazo hazipo tena. Mimi hapo huwa nageuza uso, na machozi ya mwisho wa filamu hayanifanyi hivyo.

Nendeni Deep Sea, soko letu la samaki, alfajiri, mashua zikiingia. Mtazame mchuuzi mwenye baiskeli, tenga limekazwa nyuma kwa mipira ya tyubu. Mtaji haukutosha, kachukua mali kauli, atalipa jioni. Kabla hajakanyaga pedali anajua samaki wamemfikia kwa bei gani, barafu imekula kiasi gani, mtaa upi wananunua kwa fungu na upi wanataka kwa kilo. Anajua pia kwamba ikifika saa tano samaki analegea, na bei inalegea naye. Mtu huyo ukimpiga picha ameshika tama, macho chini, umepiga picha ya uongo. Labda tama ataishika usiku. Saa hizo ana kazi.

Na wenye fedha hupenda uongo huo uwe na sura nzuri. Mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kuigharimia filamu ya De Sica endapo nyota wa Hollywood, Cary Grant, angecheza Antonio. Cary Grant! Mtu ambaye suti yake peke yake ingekomboa mashuka ya mtaa mzima. De Sica akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hajawahi kuigiza. Filamu ikazunguka dunia, Maggiorani akarudi kiwandani, baadaye akapunguzwa kazi. Hilo nalo liandikwe: utu wa mtu ulisifiwa ukumbini, mwenyewe akabaki bila ajira.

Filamu zetu za Bongo sitazipiga vita, wenzetu wanatengeneza kwa bajeti ya kubana. Lakini maskini wetu wa kwenye skrini mara nyingi kazi yake ni kulia, kuumwa, au kuolewa na tajiri dakika ya tisini. Anauza nini? Anadaiwa na nani? Hatuambiwi.

Wahindi walituonyesha mapema. Wazee mliokulia foleni za sinema ya Majestic mnanielewa. Mwaka 1953 Bimal Roy alitengeneza Do Bigha Zamin baada ya kuguswa na filamu hiyohiyo ya De Sica. Mkulima Shambhu anakwenda Kalkuta kuvuta riksho ili alipe deni, kishamba chake kisichukuliwe. Alidhani anadaiwa rupia 65. Daftari la mwenye ardhi likasema 235. Mikopo kausha damu haikuanzia kwetu. Kuna abiria anamuahidi fedha zaidi akikimbia zaidi, naye anakimbia, kwa sababu ile fedha ameshaiweka kwenye hesabu, mpaka gurudumu linachomoka.

Jioni hii tunaangalia fupi kuliko zote, kama dakika 20: Borom Sarret ya Msenegali Ousmane Sembène, mwaka 1963. Sembène alikuwa mtoto wa mvuvi, akawa kuli wa bandarini Marseille kabla ya kuandika vitabu, basi mzigo anaujua. Mtu wa mkokoteni wa farasi, Dakar, anatafuta riziki ya siku. Mtazame anapokutana na msifu mababu, mwimbaji wa sifa za ukoo: anampa fedha aliyoichuma, wakati nyumbani hawajala. Wengi humwita mjinga. Mimi nasema ndiyo fedha pekee siku hiyo aliyoitumia apendavyo. Halafu abiria mwenye suti anamtaka ampeleke mitaa ya wakubwa, mikokoteni ilikopigwa marufuku, na polisi anamsimamisha. Medali yake ya vita inaanguka chini. Angalieni kiatu cha polisi. Mkokoteni unabaki huko. Nyumbani, mkewe anampa mtoto ashike, anasema usiku huu tutakula, anatoka. Anakwenda wapi, Sembène hasemi, na akina mama humu wasikubali wanaume wajibu peke yao.

Sauti ni ya Kifaransa, nitakuwa natafsiri hapahapa pembeni. Tukimaliza, swali la kwanza nampa atakayejitolea kumtetea yule polisi. Najua mgambo wawili wamo ukumbini.