Kutyuni kontrol boksi ya Honda ya zamani injini ikiwa inanguruma

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo tunafungua kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini (ECU), ya Civic EG ya 1993 alafu tunapanga mafuta na taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche, huku injini inanguruma, hamna kuzima hamna kuchomoa chipu kila saa. Kifaa chenyewe ndo hiki hapa, Ostrich 2.0 ya Moates, ni emyuleta, yaani inajifanya chipu ya memori, kontrol boksi inasoma humo ikidhani ni chipu kumbe data zinatoka kwenye laptopu yako na unazibadilisha mda huohuo.

Kwanini gari za zamani? Izi Honda za 1992 hadi 1995 bodi yake ina sehemu ya kuweka chipu ya nje, tena imeachwa wazi tangu kiwandani. Gari mpya memori imo ndani ya prosesa yenyewe, huwezi kuipachikia waya ukaiingilia kirahisi hivi. Ndo maana hata wenye Civic za 1996 kwenda mbele wengi wanafunga adapta ya waya na kurudi kwenye kontrol boksi ya nyuma kama hii P28, ndo jina la modeli ya boksi yetu.

Nasema mapema, usije ukanunua chipu ya mtu ukaambiwa weka uende. Mimi niliwahi, gari ikawa tamu wiki moja, ya pili pistoni namba 3 imeyeyuka, kuja kuangalia ile chipu iliandikwa kwa injini yenye nozo kubwa kuliko zangu, kwaiyo kwangu ikawa inanyima mafuta kila nikikanyaga. Injini yako ipimwe yenyewe.

Haya twende. Kabla ya yote pima kompresheni, plagi ziwe safi, hakikisha hakuna mpira wa vakyum unaovuja, maana ukityuni gari mbovu unaupanga ugonjwa.

Toa teminali ya negativu ya betri. Nenda upande wa abiria, funua kapeti pale kwenye miguu, kontrol boksi iko nyuma yake, bolti ni za spana 10. Chomoa soketi taratibu kwa kubonya kilimi, usivute waya.

Fungua mfuniko. Unaona izi tundu zilizojaa risasi ya kuchomelea? Zinyonye mpaka uone mwanga upande wa pili, kazi inachosha ila ukiparamia utang'oa njia ya shaba kwenye bodi na hapo umeharibu. Alafu unachomelea soketi ya pini 28, IC ya 74HC373 yenye pini 20, kapasita mbili za 0.1 maikrofaradi kwenye C51 na C52, rezista ya kilo-om 1 kwenye R54, na kipande cha waya kwenye J1. Icho kipande cha J1 ndo kinaiambia prosesa isome nje, watu wanakisahau wanalala macho wanatafuta kosa. Na IC ina kibonyeo kichwani, kifuate kilivyochorwa kwenye bodi, ukiigeuza inaungua.

Usichomeke emyuleta bado. Anza na chipu ya kawaida yenye ramani ya msingi, yaani jedwali la namba za mafuta na taimingi, washa funguo, taa ya cheki injini iwake kama sekunde 2 izime. Ikibaki inawaka moja kwa moja maana yake boksi haisomi chipu, rudi kwenye risasi zako. Ikizima vizuri, zima funguo, toa chipu, weka waya bapa wa Ostrich, ule mstari mwekundu ndo pini namba 1. Usiupitishe karibu na waya za plagi, unadaka kelele za umeme. Chomeka yuesibi, pakia faili, bonya verifai, washa funguo uangalie ile taa tena.

Kuona injini inafanya nini tumia CN2, ile sehemu ya pini 4 ya kutolea data pale kwenye bodi, ukate na kipande cha waya cha J12 kama kipo, inaongea na laptopu kwa kasi ya 38400.

Sasa taimingi, na hapa naomba mnisikilize jamani. Chukua ile soketi ndogo ya sevisi, unganisha waya zake mbili pamoja, piga taa ya taimingi kwenye puli, zungusha distribyuta mpaka upate digrii 16 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Usipofanya hivi laptopu itakuonyesha digrii 25 kumbe injini inapata 31, na utaisikia inagonga ukiwa umechelewa. Ukimaliza tenganisha izo waya za soketi.

Kwenye ekzosti funga sensa ya waidbendi, inayopima uwiano wa hewa na mafuta, Bosch LSU 4.9 ni nzuri. Laini yake ya kutoa data unaweza kuipeleka pini D14 ya boksi, ilipokuwa sensa ya zamani, ila uzime kwanza ule mfumo wa kujirekebisha wa boksi, la sivyo unavuta huku yenyewe inavuta kule.

Injini ipate joto kamili. Kwenye sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyaga, na mwendo wa pole tafuta 14.7, yaani hewa 14.7 kwa mafuta 1, ukikanyaga mpaka chini injini isiyo na turbo iwe kama 12.8, yenye turbo chini kidogo, 11.5 hivi. Hesabu ni rahisi: kinachosomeka gawa kwa unachotaka. Mfano unaona 14.0 unataka 12.8, inakuja 1.09, kwaiyo kile kiboksi cha jedwali la mafuta ongeza asilimia 9. Unaandika, sekunde ileile namba ya waidbendi inashuka, na mimi hapo kila mara nasisimka, maana zamani kwa chipu ilikuwa kuzima, kutoa, kufuta, kuandika, kurudisha, asubuhi nzima umepanga viboksi vinne.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kama huna daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari ikiwa imesimama, tafuta sehemu iliyofungwa, mmoja aendeshe mwingine ashike laptopu, kamwe usifanye vyote peke yako. Mafuta yakikaa sawa ndo uguse taimingi, digrii 1 au 2, ukisikia kugonga ondoa mguu na urudishe nyuma.

Ukimaliza usiache emyuleta humo moja kwa moja, ule waya bapa ukilegea kwenye rasta gari inazima njiani. Andika chipu ya kudumu. Ukitumia chipu ya 27SF512 faili lako la kilobaiti 32 liandike nusu ya juu ya chipu, kuanzia anuani 8000 mpaka FFFF (namba za heksa), kwasababu pini namba 1 pale kwenye soketi inapata volti 5 muda wote, ukiandika chini boksi itasoma patupu. Chipu ya 29C256 yenyewe haina hayo.

Weka chipu, kibonyeo kitazame kulekule, washa funguo, hesabu sekunde 2, taa imezima. Rudisha bolti, rudisha kapeti, piga stata.