Kutoka Prop 14 mpaka Prop 3: wengi wanapopigia kura haki za wachache

Haya wazee wangu shikamooni, vijana habari zenu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongelee hizi kura za ndoa za jinsia moja hapa California na najua humu ndani kuna Waislamu, kuna Wakatoliki, kuna walokole, na wengine mioyo inawaenda mbio tayari. Sijaja kumbadilisha mtu dini yake. Nimekuja kuongelea kura, ile bahasha inayokuja nyumbani kwa posta na wengi wetu tunaiweka juu ya friji mpaka tarehe inapita.

Naanzia 1964, bila hapo hamtanielewa. Mwaka ule wapiga kura wa California waliletewa Prop 14, yaani pendekezo namba 14 la kupigiwa kura na wananchi wenyewe, inaingiza kwenye katiba ya jimbo haki ya mwenye nyumba kukataa kumuuzia au kumpangisha mtu yeyote asiyemtaka, na kila mtu alijua asiyetakiwa ni nani, ni mtu mweusi. Ikapita kwa kama asilimia 65! Majirani wa kawaida tu, watu wa kanisani, wameenda kituoni wametia alama wamerudi nyumbani kula. Ni mahakama ndo iliifuta, kwanza ya jimbo 1966, halafu Mahakama ya Juu ya Marekani 1967. Kura ya wengi peke yake ingetuacha nje jamani, sisi tuliokaa humu leo.

Sasa njoo 2008. Mwezi wa tano Mahakama ya Juu ya California, majaji 4 kwa 3, ikasema wapenzi wa jinsia moja nao wana haki ya kuoana, na jaji mkuu Ronald George aliegemea kesi ya Perez ya 1948, ile iliyofuta sheria ya kukataza mzungu asioane na mweusi. Mnaona inavyotugusa? San Francisco wa kwanza kufunga ndoa walikuwa Del Martin, miaka 87, yupo kwenye kiti cha magurudumu, na Phyllis Lyon, miaka 83, wameshaishi pamoja zaidi ya miaka 50. Mwezi wa nane Del akafariki. Walau alikufa akiwa na ndoa inayotambulika, mwenzake akawa mjane kisheria na siyo rafiki wa marehemu.

Novemba 4, siku ileile aliyochaguliwa Obama, Prop 8 ikapita, asilimia 52 kwa 48. Maneno 14 tu ya Kiingereza yakaingia kwenye katiba kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke basi, na ukiandika Ndiyo maana yake unakataza, kwahiyo usiposoma vizuri unapigia kitu usichokitaka. Ndoa kama 18,000 zilizokuwa zimeshafungwa mahakama iliziacha zibaki, wengine wakasubiri mpaka 2013 mahakama ilipoizima Prop 8.

Halafu lawama zikaja kwetu. Ripoti ya watu waliohojiwa wakitoka vituoni ilisema asilimia 70 ya weusi walipiga Ndiyo, watafiti walipokuja kuchambua wakakuta ni kama 58. Na weusi walikuwa kama mmoja kati ya wapiga kura kumi, hata tungegawanyika nusu kwa nusu ingepita tu. Ile lawama ilikuwa ya uonevu, nasema wazi. Lakini nasema wazi pia kwamba iliniuma kuona wengi wetu upande ule, sisi ambao 1964 tulikuwa kwenye karatasi.

Lakini hata ilipozimwa, yale maneno hayakufutwa, yalibaki yameandikwa mlemle kwenye katiba. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu ndoa hizi nchi nzima, watu wakasahau. Mpaka 2022, siku mahakama hiyohiyo inafuta haki ya utoaji mimba, jaji wake mmoja Clarence Thomas akaandika kwamba na ule uamuzi wa 2015 uangaliwe upya. Hapo ndo watu wakashtuka, manake uamuzi ule ukianguka, maneno ya 2008 yanaamka. Bunge la jimbo likaandaa Prop 3, Novemba 2024 ikapita kwa zaidi ya asilimia 62, maneno yakafutwa na sasa katiba inasema kuoana ni haki ya msingi.

Mtu kaniuliza pale mlangoni, kwahiyo imeisha? Haijaisha. California ukikusanya saini asilimia 8 ya kura za ugavana unaleta badiliko la katiba, na linapita kwa nusu tu na kura moja. Florida wanataka asilimia 60. Mi naona hata 60 ni ndogo ukiwa unamnyang'anya mtu haki yake, iwe ndoa, iwe nyumba, na hilo ndilo nataka tulisukume kwa wabunge wetu, haijalishi wewe dini yako inasema nini kuhusu ndoa. Haya, mama pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, karibu.