Gari la Mwaka wa Nzige

REHEMA: Haya, tumerudi na magari ya kujiundia, yale unayonunua vipande ukafunga mwenyewe: uchague ya kampuni gani? Na kabla sijasema lolote, Bakari leo kaingia studio anachechemea.

BAKARI: Sichechemei.

REHEMA: Unachechemea, kaka. Waambie.

BAKARI: Jumamosi nilikwenda Rotherham, Uingereza, kuangalia gari. Kuna mzee alianza kujiundia lake, akaishia nusu, sasa mwaka wa sita limelala gereji limefunikwa shuka. Akaniambia, jaribu kukaa. Yale hayana milango. Unapanda juu ya kiti, unajichomeka kama mguu kwenye soksi. Nikaingia vizuri tu. Kutoka sasa...

REHEMA: Ukakwama.

BAKARI: Goti chini ya usukani. Dakika kumi. Mkewe akaniletea chai mle mle ndani, na biskuti kwenye kisosi. Nikainywa. Ungefanyaje?

REHEMA: Unavaa namba ngapi kiatu?

BAKARI: Kumi na moja. Nikikanyaga breki nakanyaga na mafuta humo humo. Mzee ananiambia, vua viatu, wote tunavua! Ndiyo maana nasema haya makampuni usiyalinganishe kwa picha. Caterham peke yao wana chasisi mbili, ile nyembamba na ile SV, pana zaidi kwa sentimita 11. Kwenye picha huoni tofauti. Makalio yanaiona.

REHEMA: Na yote yana sura moja.

BAKARI: Ni ukoo mmoja. Colin Chapman wa kampuni ya Lotus, na gari lake Lotus Seven, 1957. Aliyauza vipande vipande kwa sababu gari zima lilikuwa na kodi ya mauzo, vipande havina. Mwaka 1973 Lotus wakaachana nalo, Caterham wakachukua haki za kulitengeneza. Hawa wengine, Westfield, MK, GBS, wamekuja nyuma na umbo lile lile.

REHEMA: Sasa hilo la mzee litapata namba gani ya usajili?

BAKARI: Hapo ndipo penyewe. Uingereza namba inaonyesha umri wa gari. Ukitumia vipuri vipya unapewa namba mpya. Ukichinja gari moja, ukatoa humo vitu viwili vikubwa, injini na giaboksi tuseme, ukavifunga kwenye chasisi mpya, unapewa namba ya umri wa lile ulilochinja. Sasa mzee kaokoteza. Injini ya huku, giaboksi ya kule, difu hata yeye hakumbuki. Hilo linapewa namba inayoanza na Q. Ile herufi maana yake umri wake haujulikani.

REHEMA: Kama babu yako.

BAKARI: Babu yangu ana tarehe!

REHEMA: Tarehe moja Julai.

BAKARI: Si ndiyo tarehe hiyo?

REHEMA: Mwaka?

BAKARI: Mwaka wa nzige.

REHEMA: Haya, babu ana Q!

BAKARI: Subiri. Karani alikuja kijijini na meza yake, akamuuliza umezaliwa lini. Babu akamjibu, nzige walipokuja nilikuwa tayari nachunga mbuzi. Karani akamwangalia meno, akaandika. Basi. Mdogo wake kaandikishwa mwezi mwingine, na karani mwingine, akatoka mkubwa kwa miaka minne.

REHEMA: Mdogo mtu?

BAKARI: Mdogo mtu. Mpaka anakufa, babu alikuwa akimwona anakuja anasimama kabisa: "Shikamoo, kaka." Na yule anaitikia!

REHEMA: Marahaba!

BAKARI: Anaitikia bila aibu. Na arusi zikiwapo anadai akae mbele, cheti anacho.

REHEMA: Basi mkaguzi wa IVA, ule ukaguzi wa gari la kujiundia kabla halijaingia barabarani, ndiye yule karani na meza yake.

BAKARI: Karani hakuwa na kipimo. Hawa wanacho. Kila ncha ya nje inayoweza kumgusa mtu lazima iwe na mviringo wa milimita 2.5 kwenda juu. Kichwa cha bolti, ukingo wa madigadi, kila kitu. Watu wanabandika vimpira gari zima siku ya ukaguzi.

REHEMA: Babu angepita?

BAKARI: Babu alikuwa na kiwiko. Angefeli asubuhi.

REHEMA: Na mdogo wake angepita, cheti anacho. Haya, turudi. Mimi ningeanza na mtengenezaji. Nauliza, mwaka wa kumi nikigonga madigadi, simu ataipokea nani? Faiba ya bodi huipati duka la vipuri la mtaani. Caterham wako kwenye kazi hii tangu 1973.

BAKARI: Westfield nao walikuwapo tangu miaka ya 80. Mwaka 2022 wakawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi.

REHEMA: Na jina likapata wenyewe wengine.

BAKARI: Wewe uliyelipa arbuni wiki ile ungelala? Kinachokulinda ni lile gari la kuchinja. Mazda MX-5 zimetengenezwa zaidi ya milioni moja. Gari la GBS liitwalo Zero linakubali vipuri vyake, MK nao wana la MX-5. Kampuni ikifa kesho, breki, beringi, difu, vyote viko skrepa.

REHEMA: Chasisi ikipinda?

BAKARI: Nachomelea.

REHEMA: Wewe?

BAKARI: Bomba za chuma za mraba, Rehema, si roketi.

REHEMA: Uchomelee bila jigi, ile fremu ya kuishikilia inyooke, gari liende upande kama kaa.

BAKARI: Kaa wangu.

REHEMA: Na siku ya kuuza? Jina la Caterham unalilipia ukinunua, unalipwa ukiuza. Nani atanunua kaa wa mwaka wa nzige?

BAKARI: Nani kakwambia nauza? Mtu unakaa na spana miezi, mikono imechubuka, halafu unawaza mnunuzi?

REHEMA: Watu wanahama, kaka. Watu wanaugua. Huyo mzee wa Rotherham alipoanza alikuwa anawaza kuuza?

BAKARI: ...Hiyo si haki.

REHEMA: Nauliza tu.

BAKARI: Mimi sijabadilika.

REHEMA: Wala mimi.

BAKARI: Haya. Tuna dakika ngapi?

REHEMA: Mbili. Na wale wa kwaya wameshafika mlangoni.

BAKARI: Nilikuwa na maswali saba ya kumuuliza mtengenezaji kabla hujatoa arbuni. Nimeyaandika na karatasi.

REHEMA: Soma moja.

BAKARI: La kwanza: "Nini hakimo kwenye boksi?" Kwa sababu bei ya tangazoni mara nyingi haina matairi, haina rangi, haina...

REHEMA: Wanagonga.

BAKARI: Basi wiki ijayo.

REHEMA: Wiki ijayo si unarudi Rotherham?

BAKARI: Nani kasema?

REHEMA: Umekuja na soksi mpya.