Mnaniuliza Kwa Nini Nazunguka Basi na Tochi Kila Alfajiri: Leo Najibu

Haya, habari zenu jamani. Nina dakika 45. Si 44, ni 45, na mtajua baadaye kwa nini nazihesabu kama mtu anayedaiwa. Abiria wangu wameshuka, wanatembea tembea huko, mimi nimebaki hapa nyuma ya basi na simu. Nimesema leo swali hili nilimalize.

Swali mnalijua, ninyi ndio mnaolileta. Tangu niweke ile video fupi ninayoonekana na tochi nachungulia chini ya basi, haipiti siku bila mtu kuandika, "Kwani huko Uingereza mabasi hayana fundi?" Mwingine akaniambia, "Kaka, umetoka kwenye udereva umekuwa utingo." Na yupo mmoja, huyo simsahau, aliyesema naigiza, kwamba nimewasha kamera kwanza ndipo nikakumbuka kuwa basi lina matairi.

Mniwie radhi, sijisifu. Kupiga magoti kwenye lami iliyolowa saa 11 alfajiri hakuna cha kuringia. Wala silalamiki, maana nikigusa tu habari za kazi mnaniambia, "Si urudi nyumbani?" Najibu swali, basi.

Fundi yupo. Basi huingia karakana kila baada ya wiki kadhaa kwa ratiba, na mara moja kwa mwaka linapimwa kwa mujibu wa sheria. Lakini kati ya fundi na fundi kuna siku nyingi, na kila siku kuna mtu anayelitoa getini. Mtu huyo ni mimi. Basi likikutwa bovu barabarani, kampuni itajibu ya kwake, maana ina leseni yake ya kubeba abiria na inaweza kuipoteza. Ila kampuni kuwa na kesi hakunifutii mimi ya kwangu. Tairi moja bovu ni pointi 3 za adhabu kwenye leseni ya dereva. Mawili ni 6. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, unasimamishwa kuendesha. Fundi wakati huo yuko kwake anakunywa chai.

Kwa hiyo kila anayeshika usukani anakagua kabla ya kutoka. Hata kama mwenzangu alikuwa nalo asubuhi, akinikabidhi mchana nazunguka upya. Kisha najaza fomu, siku hizi ni kwenye simu. Nikikuta kasoro naiandika na fundi anaandika alichofanya, na kampuni inatunza rekodi hiyo kwa miezi 15. Nisipokuta kitu, naandika kwamba sikukuta kitu na naweka jina langu. Hapo kwenye jina ndipo penye video ya leo.

Sitawapitisha kitu kimoja kimoja. Taa, wipa, honi, vioo, mafuta yanayovuja, hayo hata mwenye gari dogo anayajua. Naongelea yale ambayo mimi binafsi yalinishangaza.

Breki za upepo. Unawasha, unangoja upepo ujae, unatazama geji mpaka ile taa ya onyo izime. Halafu unazima injini, unanyamaza, unasikiliza. Basi linalovuja upepo linanong'ona, sss, kama nyoka kwenye majani makavu. Ukiwa na redio masikioni husikii.

Mlango wa dharura. Lazima ufunguke, na king'ora chake kilie ukiufungua. Nyundo za kuvunjia vioo lazima ziwepo. Jamani, abiria wanaiba nyundo! Mtu mzima, amevaa vizuri, anashuka na nyundo ya basi mfukoni. Sijui anakwenda kuvunja nini. Asubuhi ikikosekana, huwezi kusema aliichukua wa jana.

Urefu. Basi lililozidi mita 3 kwenda juu lazima liwe na kibao mbele ya dereva kinachoonyesha urefu wake. Nchi hii ina madaraja ya reli ya zamani, mafupi, na ghorofa mbili likiingia chini ya daraja lisilolitosha, paa linabaki nyuma. Kwa hiyo unasoma kibao hata kama basi unalijua, kwa sababu jana uliendesha fupi na leo refu, na kichwa cha alfajiri hakikumbuki.

Sasa matairi. Gari dogo hapa linatakiwa kina cha kashata, yaani ile michoro ya tairi inayoshika barabara, kisipungue milimita 1.6. Basi? Milimita 1. Ndiyo, basi limeruhusiwa kina kidogo kuliko gari la mtu mmoja, na mimi sitaki kuitetea sheria hiyo. Kampuni zenye akili hubadilisha mapema. Pia kuna umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukikuta 3219, limetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tangu Februari 2021 ni marufuku tairi lililozidi miaka 10 kukaa ekseli ya mbele ya basi. Haikuja hivi hivi. Mwaka 2012 basi lililokuwa linawarudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipata ajali huko Surrey, watu 3 wakafa. Tairi la mbele lilipasuka, na lilikuwa na miaka zaidi ya 19. Tairi lenye umri wa kuoa! Kwa macho kashata ilikuwepo. Mama wa mmoja wa waliokufa alipigania jambo hilo miaka na miaka mpaka sheria ikatoka.

Haya, niwaambie yangu, kwa sababu kuna watu wanadhani nilizaliwa na tochi mkononi.

Kampuni ya kwanza niliyofanyia kazi, jina sitaji na msijaribu kubahatisha hapo chini, ilikuwa inatulipa kuanzia saa ya kutoka getini. Ule muda wa kukagua ulikuwa wa kwako na Mungu wako. Sheria inauhesabu kuwa ni kazi, lakini kwenye karatasi ya mshahara haukuwepo. Mimi mgeni, nina deni la chuo cha udereva, nina kodi ya nyumba, ningemwuliza nani? Nikafanya walivyofanya wenzangu waliozoea. Nachomeka kadi yangu kwenye kidude cha kurekodi mwendo, nazunguka basi haraka kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha, naweka tiki zote, naondoka.

Siku hiyo nilikuwa na wazee wa watu wanakwenda baharini. Tukaingia kituo cha mapumziko cha barabara kuu, wakaguzi wa serikali wako pale wanasimamisha mabasi. Mimi sina wasiwasi hata chembe, fomu yangu safi. Mkaguzi akazunguka. Akainama kwenye matairi ya nyuma, yale pacha, akapenyeza tochi katikati, akaliangalia la ndani. Akaniita nije nitazame. Lilikuwa na mkato mrefu, nyuzi za ndani zimetokeza kama nywele.

Akaniuliza kwa upole, na upole wao ndio unaokata, "Hili ulilikagua leo?" Nikasema ndiyo. Akaniomba kadi ya takografu. Kwa wasiojua, takografu ni kile kidude kinachoandika mwendo wako wote, umeendesha saa ngapi, umepumzika saa ngapi. Kina na alama ya nyundo mbili zilizopishana, hiyo ni ya kazi nyingine isiyo kuendesha, na ndiyo unayotakiwa kuiweka wakati unakagua. Akatoa rekodi. Kadi imeingia saa 11 na dakika 41. Gurudumu limezunguka saa 11 na dakika 44. Dakika tatu. Basi la mita 12, abiria zaidi ya 40, milango, taa, matairi, kizima moto, mikanda, vyote kwa dakika tatu, gizani, na sikuwa hata na tochi.

Hakuniambia neno. Aliiweka ile karatasi mbele yangu tu.

Basi likazuiwa palepale, halisogei mpaka tairi libadilishwe. Wazee wangu wamekaa juani, yaani lile jua lao la mawingu, na mama mmoja akanipa biskuti akaniambia, "Pole mwanangu." Afadhali angenitukana. Nikapigwa faini na pointi 3. Pointi za namna hiyo hapa zinakaa kwenye leseni miaka 4, na bima ya gari langu dogo ikapanda, hela ambayo hakuna mtu nyumbani anayeiona anaponiandikia, "Bro, huko si mambo safi?" Kuna ndugu yangu niliyemweleza haya yote kwa simu, nusu saa nzima. Alipomaliza kunisikiliza akasema, "Pole sana. Sasa ile ya ada utatuma lini?" Tuyaache.

Meneja alinikasirikia mimi. Ratiba ni yake, muda wa kukagua halipi yeye, lakini jina kwenye fomu ni langu. Na tukiwa wakweli, alikuwa na haki nusu. Hakuna aliyenishika mkono niweke tiki.

Ndiyo maana leo nikianza naweka zile nyundo mbili, nazunguka robo saa mpaka dakika 20, na basi likichelewa naandika kwa nini limechelewa. Hapa nilipo sasa muda huo unalipwa. Na hii ni mimi, kwa basi langu na kampuni yangu. Msichukue dakika zangu mkampelekea bosi wenu kama hati ya mahakama.

Ukaguzi mwingine ni wa makaratasi, na wengi huwaangusha huo kuliko tairi. Kabla sijawasha nina leseni, kadi ya takografu, na kadi ya utaalamu wa udereva. Hiyo ya mwisho ukiisahau nyumbani ni faini ya pauni 50. Hapo hujakosea barabarani, umekosea suruali. Ili iendelee kuwa hai unahitaji saa 35 za mafunzo kila miaka 5. Kampuni nyingine zinakulipia, nyingine unajilipia na siku ya darasa hulipwi. Kioo cha mbele lazima kiwe na ile duara ya leseni ya kampuni. Na mwenyewe nijikague, je, nimepumzika? Kwa safari hizi za mbali naruhusiwa kuendesha saa 4 na nusu tu, kisha nipumzike dakika 45. Ndizo hizi nazimalizia na ninyi. Mabasi ya mjini yana sheria nyingine, msinisahihishe.

Sasa wale wa "nifanyeje nije niendeshe basi huko". Nitasema, na najua nitaitwa mchoyo.

Leseni ya nyumbani, Tanzania au Kenya, unaruhusiwa kuendeshea gari dogo miezi 12 tangu uanze kuishi hapa. Baada ya hapo haitumiki na kuibadilisha huwezi, unaanza upya kama kijana wa miaka 17. Zimbabwe na Afrika Kusini wamo kwenye orodha ya wanaobadilishiwa, sisi hatumo. Niliendesha miaka mingi, nikakaa kwenye gari la mafunzo lenye herufi L nikafundishwa kutazama kioo. Nilimeza. Ndipo ikaja ya basi: daktari wa kunipima, nadharia, mtihani wa maswali ya matukio, halafu wa barabarani, ambao wakati wangu ulikuwa pauni 115 kila unapojaribu, na mimi nilijaribu mara mbili. Wa mwisho, pauni 55, ni wa kumwonyesha mtahini kwamba unajua kulikagua gari na kulinda abiria. Yaani huu huu mnaouita utingo una mtihani wake. Sehemu tano, kila moja alama 20, unatakiwa upate 15 kila sehemu na jumla 80. Nilipata 85 nikasherehekea, halafu nikaenda kazini kukagua kwa dakika tatu.

Na viza. Kaka zangu, dada zangu, udereva wa basi haumo kwenye kazi zinazopewa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Mimi nilikuja kwa viza ya mwenza, mke wangu ndiye aliyetangulia. Nimetumiwa barua za "kazi ya udereva wa basi Uingereza" ambazo watu wamezilipia mamilioni, zina nembo na mihuri na makosa ya tahajia. Mtu ananiuliza niithibitishe baada ya kulipa. Sasa nithibitishe nini? Niulize kabla. Na hata ukiniuliza kabla, mimi si mwanasheria, kila mtu na njia yake, sheria zao za viza zinabadilika kama hali ya hewa yao.

Nawaona wanarudi, yule babu wa kofia nyekundu yuko mbele, yeye huwa wa kwanza. Nimebakiwa na dakika sita. Basi limekaa peke yake muda wote huu, milango ya mizigo sikuwa naitazama, nilikuwa nawatazama ninyi. Nikate hapa, zikiisha nikazunguke kwanza. Tochi... niliiweka wapi tena? Ah, hii hapa, nimeikalia.