Kaumbwa hivyo? Wazee wangu, tusisingizie damu

Assalaam alaikum wazee wangu, mama zangu. Nalirejea lilelile, walonisikia Wete watanivumilia, maana kila baraza nikikaa naambiwa yule kijana anaepiga watu kaumbwa hivyo, damu yake moto, na babake alikuwa hivyohivyo. Basi sikilizeni habari ya nyani.

Huko Maasai Mara, Kenya, mwanasayansi Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akifuatilia kundi moja la nyani. Jirani kuna hoteli ya watalii ina jaa, na madume wakali ndio wakenda asubuhi kugombania mabaki na nyani wa kundi jengine, wapole hawathubutu. Baina ya 1983 na 1986 nyama ya jaani ikaleta kifua kikuu, wababe wale wakafa wote, karibu nusu ya madume wa kundi. Wakabaki majike, watoto na madume wasotaka shari, kundi likatulia, wanakaa kuchambuana manyoya na majike hawaonewi kama mwanzo.

Najua yupo hapo nyuma anasema eeh si ushasema mwenyewe, walokufa ndio wenye damu ya ukali! Subiri bwana. Dume la nyani likibaleghe huhama kundi lililolizaa. Kufika 1993 wale madume wapole hayupo hata mmoja, wote waliopo ni wageni, wamezaliwa na kukulia makundi mengine yenye ukali wa kawaida, na walipoingia pale wakashika mwendo wa pale. Sasa damu iko wapi hapo? Hili ntalisema mpaka mnichoke.

Mtanipinga kwa sokwe wa msitu wa Gombe, hapo Kigoma, 1974 mpaka 1978 wakauana. Kweli, Jane Goodall, mtafiti alokuwa akiwafuatilia, kayaandika, na mie sikatai kuwa uwezo wa kupiga tumezaliwa nao. Nnachokataa ni ile ya Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alosema 1963, eti ukali unajaa ndani wenyewe mpaka utoke. Wanasayansi walokutana Sevilla, Hispania, 1986 walikataa wazi kuwa vita tumevirithi kwa wanyama, na UNESCO, shirika la elimu na sayansi la Umoja wa Mataifa, ikalipitisha tamko lao 1989.

 Na nyie watu wa Pemba mnaujua mchezo wa ng'ombe, mnajua anavyochokozwa mpaka apandwe na hasira, haimtoki tu mwenyewe. Sasa mtoto anakula bakora nyumbani, chuoni, skuli, akimpiga mwenzake mnanambia kaumbwa hivyo? Haya, maswali, na nataka waanze mababa.