Anza Kuigiza kwa Sauti: Rekodi Demo Yako Ukiwa Nyumbani

Haya, karibuni jamani. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina inayoongea Kiswahili, na mimi nikawa nafumba macho ili nisikilize tu zile sauti. Hadi leo hakuna kazi ninayoipenda kama hii. Leo tunarekodi demo, yaani sampuli fupi ya sauti yako ya kutuma studio. Twende.

Chumba kwanza. Mimi niko mbele ya kabati la nguo, milango wazi, godoro limesimama nyuma yangu. Nguo zinameza mwangwi. Feni zima, friji chomoa, dirisha funga. Hayo mnayajua.

Maiki iwe shibri moja kutoka mdomoni, hivi, gumba mpaka kidole cha mwisho. Igeuze upande kidogo ili pumzi ya P na B ipite kando. Mbele yake navuta soksi nyembamba ya kike kwenye pete ya waya. Naipenda kuliko vichujio vya dukani.

Sasa tulia hapa. Fungua Audacity, programu ya kurekodi, ni ya bure. Usipime sauti kwa "helo, helo, moja mbili". Pima kwa mstari wenye ukelele mkubwa kuliko yote kwenye skripti yako. Tazama mita: kilele kiishie kati ya desibeli -12 na -6. Kikigonga 0, sauti imepasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki. Niliwahi kurekodi tangazo la mama anayemwita mwanawe kwa ukali, nikapima kwa kunong'ona. Kazi ya siku 2 ikarudishwa yote. Pima kwa ukelele!

Ngojeni... mnasikia? Muuza aiskrimu na muziki wake. Tumsubiri.

Amepita. Vizuri, nimepata mfano. Kelele ikiingia usisimamishe rekodi. Geuka mbali na maiki, piga kofi moja, kisha rudia sentensi nzima. Ukirudia neno moja, kiungo kitasikika. Lile kofi litasimama kama mnazi kwenye mchoro wa wimbi la sauti, utajua pa kukata.

Mnaotaka kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, jifunzeni kutazama midomo. Mturuki akisema "tamam", yaani sawa, midomo inafunga mwishoni. Wewe ukisema "sawa", yako imebaki wazi. Kamera ikiwa usoni kwake, mtazamaji anaona. Kinyume chake ni "anne", yaani mama: midomo yake haifungi kabisa, na "mama" yetu inafunga mara mbili. Kuna "nina", neno zuri la washairi, ila mtoto wa Kariakoo hamwiti hivyo mzazi wake. Mimi nabaki na "mama", halafu mstari wenyewe nauchelewesha au kuuwahisha ili uangukie pale kamera iko kwa mwingine. Fanya mazoezi hivi: zima sauti ya tamthilia yoyote, hesabu silabi za mdomo, tunga mstari unaoenea humo.

Demo yenyewe iwe sekunde 60, vipande 4 au 5: tangazo, masimulizi, mzee, mtoto. Kilicho bora kitangulie, maana msikilizaji wa studio anaweza kuishia sekunde ya kumi. Hifadhi WAV yako, lile faili kubwa lenye ubora wote, tuma MP3, lile jepesi, na faili liitwe kwa jina lako, lisiitwe "demo mpya 2".

Kabla hujatuma, sikiliza kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu. Halafu rudi kwenye mita, ule mstari wa ukelele. Haujagonga 0? Tuma.